Gaudí alivyopima kanisa kwa kamba
ANTONI Gaudí, msanifu majengo wa Hispania aliyezaliwa mwaka 1852, alikuwa mtoto wa mfua shaba, na mikono yake haikuisahau karakana. Alipobuni kanisa la Colònia Güell, karibu na Barcelona, alining'iniza kamba zenye vifuko vya marisau. Uzito ulizipinda kamba, na umbo hilo, likigeuzwa juu chini, lilimwonyesha matao yanayoweza kujibeba. Alidumu nalo takriban miaka 10, subira ambayo wasanifu wa leo hawanayo.

Alifariki mwaka 1926 baada ya kugongwa na tramu. Mwaka 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, mifano yake ya jasi ya Sagrada Família ilivunjwavunjwa. Warithi wake waliokota vipande. Kompyuta zilipowasili miongo kadhaa baadaye, vipande hivyo ndivyo vilivyopimwa.