Mbaruk bin Rashid: mzee wa Gazi aliyefia ugenini

Ukipanda matatu pale Ukunda ukielekea Lunga Lunga, utapita Kinondo, na kabla hujafika Msambweni kuna njia inayokata kushoto kushuka baharini. Hapo ni Gazi. Wasee wengi wa rika langu wanaijua Gazi kwa mikoko. Tangu 2013 kuna mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ya kaboni na kusaidia maji na shule. Kuna pia daraja la mbao la akina mama, ukilipa kidogo unapita juu ya matope ukipiga picha. Basi, picha zinapanda mtandaoni, mambo yanaishia hapo.

Lakini muulize mzee yeyote wa pale Gazi ilikuwa nini zamani, atakutajia jina moja tu: Mbaruk.

Mimi mwenyewe nililipuuza hilo jina mpaka nilipoacha chuo nikarudi nyumbani. Wiki hiyo kulikuwa na kikao cha ukoo kuhusu shamba. Kila mzee alitakiwa ataje babu zake, ili ijulikane nani ana haki gani. Wengine walitiririsha majina saba bila kupumua. Upande wetu wakafika jina la nne, wakanyamaza. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mimi nikauliza usiku, jikoni kwa bibi, na jibu lake likaanzia mbali, kwa huyo Mbaruk. Nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza ukoo wake. Mazrui ni watu waliotoka Oman. Mwaka 1698 Waomani waliwatoa Wareno Fort Jesus, Mombasa, baada ya kuizingira ngome karibu miaka 3. Baadaye Mazrui wakawa maliwali wa Mombasa, yaani magavana kwa niaba ya Oman. Kule Oman utawala ulipohamia kwa ukoo wa Busaidi katikati ya karne ya 18, Mazrui walikataa kuutambua. Wakaishika Mombasa kama mji wao wenyewe kwa miaka mingi. Mwaka 1824 walijaribu hata kujiweka chini ya bendera ya Uingereza ili Seyyid Said asiwafikie, lakini miaka 2 baadaye Waingereza wakajitoa.

Mwaka 1837 Seyyid Said akaipata Mombasa. Liwali wa mwisho wa Mazrui alikuwa Rashid bin Salim. Yeye na wakubwa wengine wa ukoo, zaidi ya 20, walikamatwa kwa hila, wakapakiwa jahazini na kupelekwa Bandar Abbas, pwani ya Uajemi. Hawakurudi tena.

Huyo Rashid ndiye baba yake Mbaruk. Kijana alikua akijua kwamba mji ulikuwa wa baba yake, na kwamba walioko Fort Jesus sasa ndio waliompoteza. Sisi tukinyimwa nafasi ya kazi tunaona dunia imetuonea. Yeye alinyimwa baba na mji kwa mpigo mmoja.

Mazrui waliosalia waligawanyika. Wengine wakaenda kaskazini, wakakaa Takaungu, karibu na Kilifi. Wengine wakateremka kusini mpaka Gazi. Ukiitazama ramani utaelewa kwa nini walipenda hapa. Kuna ghuba iliyotulia, mikoko inayoficha, na nyuma yake milima ya Shimba. Mambo yakiharibika pwani, unapanda bara. Mbaruk alipokuwa kiongozi wa Gazi, alikuwa na ngome yake huko juu, mahali panapoitwa Mwele. Hilo jina likumbuke.

Kwa karibu miaka 40 huyu mzee aliwasumbua masultani wa Zanzibar. Anaasi, wanatuma askari, anakimbilia vichakani, wanapatana, anapewa posho, anatulia. Halafu anaasi tena. Mwaka 1882 jeshi la Sultan Barghash, likiongozwa na Mwingereza Lloyd Mathews, liliizingira Mwele. Ngome ikaanguka lakini Mbaruk akaponyoka. Ukisoma habari zake unaona mtu ambaye kushindwa kwake hakukuwa mwisho wa kitu, kulikuwa mapumziko tu.

Sasa, kupigana vita namna hiyo kunahitaji watu na chakula, na hapa hadithi inaanza kuwa ngumu kuisimulia vizuri. Watu wake walikuwa Waarabu wachache, Wadigo na Waduruma waliomfuata kwa hiari au kwa hofu, na watumwa wengi. Mashamba ya Mazrui, Takaungu na Gazi, yalilimwa na watumwa. Mwaka 1873 Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, lakini mtumwa aliyekuwa tayari shambani alibaki mtumwa. Kwa hiyo wakati Mbaruk anapigania uhuru wa ukoo wake, kuna watu walikuwa wanamlimia na kumbebea bunduki ambao uhuru wao hakuna aliyekuwa anaupigania.

Hili huwa halisemwi kwenye vikao. Ukimsifu Mbaruk kama shujaa aliyepinga wakoloni, wazee wanatabasamu. Ukiuliza kuhusu watumwa, mtu anakumbuka ana ng'ombe wa kufunga.

Turudi kwa wakoloni. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana bara letu kwa kalamu, na Sultani akaachiwa ukanda wa maili 10 tu kutoka baharini. Mpaka ukapita pale Vanga, si mbali na Gazi. Mwaka 1887 Barghash aliwakodisha Waingereza sehemu yake ya pwani, na mwaka uliofuata ikaundwa rasmi Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki. Kampuni haikuwa na nguvu ya kupigana na Mbaruk, kwa hiyo ilimfanya rafiki. Ikamlipa posho. Kwa miaka michache mambo yalikuwa shwari. Pengine Mbaruk alidhani hawa nao watapita kama wengine.

Kilichowasha moto hakikutoka Gazi. Februari 1895 alifariki Salim bin Khamis, kiongozi wa Mazrui wa Takaungu. Walioweza kurithi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwanawe, Rashid bin Salim, rafiki wa Waingereza. Mwingine alikuwa mpwa wake aliyemzidi umri, na jina lake, usichanganyikiwe, lilikuwa pia Mbaruk bin Rashid. Tumwite Mbaruk mdogo. Kwa desturi ya ukoo wengi walimwona huyu ndiye mwenye haki. Kampuni ikamchagua rafiki yake.

Mbaruk mdogo akaasi. Alipopigwa huko kaskazini akakimbia na watu wake mpaka kusini, akabisha hodi Gazi.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya mzee. Umri umekwenda. Una posho, una nyumba kubwa karibu na bahari, una wajukuu. Ukimtoa kijana, unaendelea kula. Ukimpokea, umejitangazia vita na dola ambayo si Zanzibar tena. Tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza yenyewe ilichukua usukani kutoka kwa Kampuni, na mkuu wake, Arthur Hardinge, hakuwa mtu wa kubembeleza.

Mzee hakumtoa kijana. Wapo wanaosema ni heshima ya damu, kwamba ndugu aliyekimbilia kwako hauzwi. Wapo wanaosema aliona kwamba leo wamechagua mrithi wa Takaungu, kesho watachagua wa Gazi. Mimi naona yote mawili yanaweza kukaa kwenye kichwa kimoja.

Akaiacha Gazi, akapanda Mwele. Agosti 1895 Admirali Rawson alishusha mabaharia wake, wakaungana na askari wengine, akiwemo yule yule Mathews wa 1882, wakapenya msituni na mizinga. Tarehe 17 Agosti waliichukua Mwele na kuibomoa. Mathews alijeruhiwa. Mbaruk, kama kawaida yake, hakuwepo walipoingia. Ameshatoka.

Lakini safari hii hakukuwa na kupatana. Vita vilisambaa pwani nzima kwa miezi. Vijiji vilichomwa na pande zote, mashamba yakaachwa, na waliopata tabu zaidi ni wakulima wa kawaida waliokuwa katikati, ambao leo waasi wanataka chakula chao na kesho serikali inawaadhibu kwa kukitoa. Machi 1896 Waingereza walileta kikosi kutoka India. Hapo hesabu zikakataa. Aprili 1896 Mbaruk, na watu wake kwa mamia, wake kwa waume, wakavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani, wakasalimisha bunduki zao kwa Gavana Wissmann.

Wajerumani walimpeleka Dar es Salaam. Akaishi huko miaka 14. Mtu aliyeponyoka kila mzingiro alikaa kimya katika mji wa watu hadi alipofariki mwaka 1910. Baba alifia ugenini kaskazini, mwana akafia ugenini kusini.

Na Gazi? Nyumba yake kubwa baadaye ikaja kuwa shule. Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, Mbaruk akiwa bado hai huko Dar. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani: mwenye shamba aje adai, alete ushahidi. Lisilodaiwa likawa la Serikali ya Mfalme. Fikiria ni nani angeweza kudai Gazi. Mkubwa yuko uhamishoni. Waliomfuata wametawanyika. Mdigo alikuwa na mzee wa kijiji wa kumshuhudia, lakini hakuwa na karatasi. Na aliyekuwa mtumwa mwaka mmoja tu nyuma, angeandika jina la babu gani?

Upande wa Takaungu, ulioishia kwa kiongozi aliyesimama na serikali, mambo yalikwenda tofauti. Sheria ya mwaka 1914 iliweka ardhi yao chini ya amana kwa jina la Mazrui, na hiyo nayo ilizaa kesi zake na majirani Wamijikenda mpaka miaka ya juzi. Ukoo mmoja, vita vimoja, na chaguo moja la mwaka 1895 likaamua nani ana karatasi na nani hana.

Jina la Mazrui halikupotea. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui akawa Kadhi Mkuu wa Kenya na kuandika historia ya ukoo wake. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alijulikana dunia nzima, na alipofariki Oktoba 2014 alirudishwa Mombasa akazikwa kwenye makaburi ya ukoo, hatua chache kutoka Fort Jesus. Wao wana kitabu na wana makaburi.

Sisi wengine tuna jina la nne na kimya. Bibi aliniambia usiku ule kwamba babu huyo wa nne alifika Gazi akiwa mtoto, kaletwa kutoka bara, kauzwa. Nyumba gani ilimnunua hakusema. Jina tunaloliita lake alipewa hapa, lile la kwao hakuna anayelijua. Vita vilipokuja alikuwa kijana, na alipanda Mwele kwa sababu aliambiwa apande. Kisha hakuvuka mpaka. Alibaki nyuma, akafyeka kichaka, akapanda minazi. Shamba lililokuwa likijadiliwa kwenye kikao ni hilo.

Nilikwenda tena kikao kilipoitishwa mara ya pili. Zamu ya upande wetu ilipofika, mjomba alitaja majina yake matatu, akafika pale pale pa kunyamaza. Nikaomba ruhusa kwa wazee nimalizie. Nikalitaja jina la nne, nikasema alikuja vipi, na nikasema ni yeye aliyebaki na kulima wakati wakubwa wamekimbia. Mjomba alinitazama kama aliyevuliwa kanzu. Mzee mmoja wa upande wa pili, mwenye majina saba, alikaa muda, kisha akasema anaijua minazi hiyo, baba yake alimwonyesha nani aliipanda. Mwandishi wa kikao akaandika.

Hati bado hatuna, na wa ofisini bado wanatuambia turudi wiki ijayo. Lakini jina la nne sasa limo kwenye kumbukumbu za kikao.

Kwa hiyo ukifika Gazi kwa ajili ya mikoko, piga picha zako. Halafu umtafute mzee umuulize habari za Mbaruk. Akimaliza, muulize pia ni nani waliokuwa wakimlimia. Akinyamaza, usiondoke haraka.