Charles Miller, Mbrazili wa Damu ya Kiskoti

Ukiwashangilia Wabrazili kwenye mpira, je, huyu unamfahamu? Charles Miller alizaliwa São Paulo mwaka 1874. Baba yake alikuwa Mskoti, mtu wa reli. Mwaka 1884 kijana akapandishwa meli kwenda shule Uingereza, mtoto mdogo tu! Hebu fikiria wewe mzazi. Miaka kumi baadaye akarudi na mipira miwili na kitabu cha sheria. Waingereza wa pale mjini walizoea kriketi, basi ikabidi awafundishe mwenyewe. Aprili 1895 timu yake ya reli ikawafunga watu wa kampuni ya gesi 4-2. Alifariki 1953, miaka mitano kabla Brazil haijachukua Kombe la Dunia mara ya kwanza.