Helen Keller: Lugha Katika Kiganja cha Mkono

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba Mungu akikupa kilema hukupa na mwendo wake. Methali hii hutajwa aghalabu anapozungumziwa Helen Keller, mwanamke wa Kimarekani aliyepoteza uwezo wa kuona na wa kusikia kabla ya kutimiza miaka miwili, kisha akaishi kuwa mwandishi na mhitimu wa chuo kikuu. Hata hivyo, maisha yake yanaonyesha kuwa mwendo huo haukumjia wenyewe. Kwa miaka mitano alikuwa na mikono yenye afya, pua kali na ubongo mzima, na bado hakujua kwamba vitu vina majina.

Binadamu huupata ulimwengu kupitia milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Kila mlango una neva zinazobeba habari hadi kwenye ubongo, na ubongo ndio unaozipa habari hizo maana na kuuamuru mwili utende nini. Helen alibakiwa na milango mitatu. Kwa wanafunzi wa lugha, swali kubwa linaloibuliwa na maisha yake ni hili: je, kichocheo kinachogusa mwili hugeukaje kuwa wazo, na wazo hilo huibadilishaje tabia ya mtu?

Kuzaliwa na Maradhi

Helen Adams Keller alizaliwa tarehe 27 Juni 1880 katika mji mdogo wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Babaye, Arthur Keller, alikuwa amepigana upande wa majimbo ya kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na baadaye akawa mhariri wa gazeti. Mamaye aliitwa Kate. Mtoto alizaliwa mzima wa viungo vyote. Alipotimiza mwaka mmoja alianza kutembea, naye alikuwa tayari akitamka maneno machache, likiwemo la maji.

Mnamo Februari 1882, akiwa na umri wa miezi 19, alishikwa na homa kali. Madaktari wa enzi hiyo waliuita ugonjwa huo msongamano wa tumbo na ubongo. Wataalamu wa baadaye wamekisia kuwa ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Homa ilimwachilia ghafla kama ilivyomshika, na jamaa zake wakashukuru, wasijue kwamba macho na masikio yamekwisha kwenda nayo. Katika usemi wake ulibaki mlio mmoja tu uliokaribiana na neno la maji.

Mtoto huyo hakukaa kama gogo. Alibuni ishara zake mwenyewe, na alipokaribia miaka saba zilikuwa zimefika takriban 60. Kumvuta mtu kulimaanisha njoo, na kumsukuma kulimaanisha nenda. Alipotaka mkate aliigiza kuukata na kuupaka siagi. Alipotaka aisikrimu alitetemeka kama aliyepigwa na baridi. Martha Washington, bintiye mpishi wa nyumbani, alizielewa ishara hizo kuliko watu wengi.

Lakini ishara hizo ziliomba tu, hazikueleza. Helen alipogusa midomo ya watu aling'amua kuwa wanafanya jambo ambalo yeye halifanyi. Naye alichezesha midomo yake, na alipoona hapati jibu alipiga mateke na mayowe hadi akachoka. Siku moja alimfungia mamaye katika ghala ya chakula, akaketi nje akicheka huku akihisi mtetemo wa mlango uliokuwa ukigongwa. Siku nyingine alimkuta mdogo wake, Mildred, amelala katika kitanda cha mwanasesere wake, akakipindua. Kama si mama kumdaka, mtoto angeumia vibaya. Jamaa kadhaa walimwona kuwa punguani. Kumbe habari ziliingia mwilini mwake kila saa, ila hazikuwa na pa kutokea.

Ujio wa Anne Sullivan

Kate Keller alikuwa amesoma katika kitabu cha Charles Dickens kuhusu Laura Bridgman, msichana asiyeona wala kusikia aliyefundishwa lugha katika taasisi ya wasioona ya Perkins, mjini Boston. Mwaka wa 1886 wazazi walimpeleka Helen kwa daktari wa macho mjini Baltimore. Daktari huyo hakuwa na dawa, bali aliwaelekeza kwa Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu ambaye pia alikuwa mwalimu wa viziwi. Bell aliwashauri waandike barua Perkins, na mkuu wa taasisi hiyo, Michael Anagnos, akamteua mhitimu wake, Anne Sullivan.

Anne alifika Tuscumbia tarehe 3 Machi 1887, akiwa na umri wa miaka 20. Naye aliijua giza. Trakoma ilikuwa imeyaharibu macho yake utotoni, na alikuwa ameishi katika nyumba ya mafukara ya Tewksbury, ambako mdogo wake wa kiume alifariki. Huko Perkins alikuwa amekaa na Laura Bridgman mwenyewe na kujifunza alfabeti ya vidole, ambayo kila herufi yake huundwa ndani ya kiganja cha msikilizaji.

Kazi yake ya kwanza haikuwa ya lugha bali ya tabia. Helen alikuwa amezoea kuizunguka meza akichota chakula katika sahani za watu, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Anne alimkataza, akawatoa wengine nje, akapambana naye hadi akala kwa kijiko na kuikunja leso yake. Hatimaye aliomba wakae wawili peke yao katika nyumba ndogo iliyokuwa karibu, na baada ya wiki mbili hivi mtoto alikuwa ametulia. Hata hivyo, utulivu haukuwa uelewa. Helen aliziiga herufi zote alizochorewa kiganjani, lakini kwake zilikuwa mchezo wa vidole tu.

Siku ya Maji

Asubuhi ya tarehe 5 Aprili 1887, Anne alikuwa akijaribu kumtofautishia kikombe na maji yaliyomo. Helen alivichanganya viwili hivyo. Mwalimu alipombadilishia somo na kurejea kwa wanasesere, mtoto alikasirika, akamnyakua mwanasesere mpya wa kaure na kumvunja sakafuni. Hakuhisi huzuni wala majuto. Alihisi tu nafuu pale mwalimu alipozoa vigae na kuviweka kando ya meko.

Kisha walitoka hadi kisimani, ambako mtu alikuwa akipiga bomba. Anne aliuweka mkono mmoja wa Helen chini ya maji yaliyokuwa yakibubujika, na katika kiganja cha mkono wa pili akaandika herufi za neno la maji kwa Kiingereza, kwanza polepole, kisha upesi. Helen alisimama tuli. Baridi ya maji upande mmoja na miondoko ya vidole upande wa pili ilikutana akilini mwake, na akafahamu kuwa hii ilikuwa jina la ile. Aliigusa ardhi akauliza jina lake, akauliza la bomba, kisha akamgeukia mwalimu na kuuliza jina lake pia. Kabla ya kulala alikuwa amejifunza takriban maneno 30.

Jambo lililofuata halitajwi sana, ingawa huenda ndilo zito zaidi. Aliporudi nyumbani alimkumbuka mwanasesere aliyemvunja. Aliviendea vile vigae kwa kupapasa, akajaribu kuviunganisha, akashindwa. Hapo machozi yalimtoka, na kwa mara ya kwanza akahisi majuto. Vigae vilikuwa vilevile na mikono ilikuwa ileile ya asubuhi. Kilichokuwa kimeongezeka ni jina. Kichocheo kilichokuwa kimezaa hasira asubuhi kilizaa huruma kabla ya jioni, kwa kuwa sasa kilipitia katika lugha.

Baada ya hapo Anne aliyatupilia mbali masomo ya ratiba. Alikuwa amemchunguza mtoto mmoja wa ukoo huo, mwenye umri wa miezi 15, akaona kwamba mtoto huelewa mengi kabla ya kusema, na kwamba hakuna anayemfundisha neno mojamoja. Basi alianza kumwandikia Helen kiganjani sentensi kamili kuhusu yote yaliyowazunguka, jinsi mama anavyomsemesha mwanawe mchanga.

Elimu na Kesi ya Hadithi

Helen alipelekwa Boston mwaka wa 1888. Mwaka wa 1890 alijifunza kutamka kwa kugusa uso na koo la mwalimu wake, Sarah Fuller. Alisema kwa sauti tangu hapo, ingawa usemi wake haukuwa wazi kwa wasiomzoea, jambo lililomsikitisha hadi uzeeni.

Mwaka wa 1891 alimwandikia Anagnos hadithi kuhusu mfalme wa barafu, ikawa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi ilichapishwa, na punde ikagunduliwa kuwa inafanana mno na hadithi ya mwandishi Margaret Canby. Mtoto wa miaka 11 alihojiwa mbele ya jopo la watu wanane, huku mwalimu wake akiwa ametolewa nje. Ilibainika kwamba kitabu cha Canby kilikuwa kimesomwa kiganjani mwake mwaka wa 1888, naye hakukumbuka. Maneno yalikuwa yameingia, yakakaa, yakatoka kama yake. Canby mwenyewe alimsamehe kwa upole, lakini urafiki na Anagnos ulivunjika. Kwa muda mrefu Helen alikuwa akisita katikati ya sentensi, akijiuliza kama aliyoandika ni yake au ya mwingine. Wataalamu wa lugha wanaweza kumjibu kwamba hakuna msemaji anayeanza na maneno yake mwenyewe; tofauti ni kwamba yake yote yalipita katika mkono mmoja.

Aliingia Chuo cha Radcliffe mwaka wa 1900, Anne akiwa kando yake akimwandikia mihadhara kiganjani. Kitabu chake *The Story of My Life* kilitoka mwaka wa 1903, na mwaka wa 1904 alihitimu kwa heshima, akawa mtu wa kwanza asiyeona wala kusikia kupata shahada ya kwanza.

Mwili Uliosikiliza

Wanasayansi walivutiwa naye. Ubongo wa Laura Bridgman, aliyefariki mwaka wa 1889, ulikuwa umechunguzwa na Henry Donaldson, akakuta kwamba sehemu zinazohusika na kuona zilikuwa nyembamba kuliko kawaida. Katika miaka ya 1920 daktari wa neva Frederick Tilney alimpima Helen. Wengi walitarajia vidole na pua ya ajabu, lakini vipimo havikuonyesha milango mikali kupita ya watu wengine. Ubora wake ulikuwa katika namna ubongo ulivyozitumia habari chache ulizopewa.

Utafiti wa baadaye umeitilia nguvu hoja hiyo. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1981, walionyesha kuwa mtoto wa paka akizibwa jicho katika wiki zake za mwanzo, ubongo wake hushindwa baadaye kulitumia jicho hilo. Mwaka wa 1996 ilidhihirika kwamba wasioona tangu utotoni wanaposoma nukta nundu, sehemu ya ubongo ya kuona hufanya kazi ya vidole. Waama, shamba lililokosa mvua ya nuru huweza kulimwa kwa mguso.

Helen mwenyewe alieleza hisia hizo katika *The World I Live In*, kitabu cha mwaka wa 1908. Alitambua dhoruba kwa harufu kabla haijafika, na hatua za watu kwa mtetemo wa sakafu. Mwaka wa 1924 aliweka vidole kwenye kipaza sauti cha redio akafuatilia simfoni ya tisa ya Beethoven, akitofautisha ala na sauti za waimbaji. Wapo waliomshutumu kwa kutumia maneno ya rangi na sauti asizozijua. Yeye alishikilia kuwa lugha ni mali ya wote, na kwamba kumnyima asiyeona maneno ya nuru ni kumfungia mlango mwingine.

Utu Uzima na Mauti

Fauka ya uandishi, alijiunga na chama cha kisoshalisti mwaka wa 1909, akatetea haki ya wanawake kupiga kura, na mwaka wa 1920 akawa miongoni mwa waasisi wa muungano wa kutetea haki za raia nchini Marekani. Hakukosa doa. Mwaka wa 1915 aliunga mkono hadharani daktari wa Chicago aliyeacha mtoto mchanga mwenye ulemavu mkubwa afe bila kutibiwa. Kauli hiyo inashangaza ikitoka kwa mtu ambaye naye aliwahi kudhaniwa kuwa hana akili.

Anne Sullivan aliaga dunia tarehe 20 Oktoba 1936, Helen akiwa amemshika mkono. Polly Thomson aliendelea kuwa masikio na macho yake hadi mwaka wa 1960. Helen alizuru nchi nyingi akiwatetea wasioona, ikiwemo Afrika Kusini mwaka wa 1951. Alifariki tarehe 1 Juni 1968 nyumbani kwake, jimbo la Connecticut, na majivu yake yakahifadhiwa katika Kanisa Kuu la Kitaifa la Washington, karibu na ya mwalimu wake.

Hitimisho

Maisha ya Helen Keller yanathibitisha kwamba lugha haifungwi katika sauti wala katika maandishi. Ikipata mlango mmoja ulio wazi, na mtu wa kubisha hapo bila kuchoka, hupita. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imelitambua jambo hili: ibara ya 7, inayokifanya Kiswahili lugha ya taifa, ndiyo pia inayoiagiza serikali kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya na nukta nundu. Mwanafunzi wa Kiswahili, basi, anaposoma ibara hiyo asiishie kwenye kifungu kinachomhusu yeye. Bado wapo watoto wanaoitwa wakaidi au wapumbavu, ilhali kilichokosekana ni mkono wa kuwapa jina la kwanza.