Leslie Brown, Bwana Shamba Aliyewafuata Heroe

Heroe ni wale ndege wa rangi ya waridi ambao wengi wetu tunawaita flamingo. Zamani walijaa katika Ziwa Nakuru mpaka ufuo ukawa kama umetandikwa khanga. Lakini vifaranga wachanga wa heroe wadogo hawakuonekana. Walikuwa wanataga wapi basi? Aliyetoka kwenda kutafuta jibu ni Leslie Brown.

Mzungu huyu alizaliwa India mwaka 1917, akasomea kilimo, akafanya kazi Nigeria, kisha akaja Kenya mwaka 1946. Alikuwa bwana shamba wa serikali ya kikoloni kule Embu, na mwaka 1956 akawa mkuu wa wataalamu wa kilimo nchini. Siku hizo mabwana shamba walihimiza matuta ili mvua isibebe udongo. Yalichimbwa kwa lazima, na babu zetu waliyachukia. Mimi siwalaumu, maana nani anapenda kuchimba huku anasimamiwa? Hata hivyo, tuta lenyewe halikuwa na kosa. Maji yakizuiwa mlimani huzama ardhini, halafu hutoka polepole mtoni yakiwa safi.

Ndege walikuwa mapenzi yake nje ya kazi. Mwaka 1954, akiwa ndani ya ndege ndogo, aliona viota vya heroe katikati ya Ziwa Natron, upande wa Tanganyika. Akaamua kuvifikia kwa miguu. Lo! Matope ya magadi yalimkamata, yakaingia ndani ya viatu na kumchoma kama moto. Alirudi kwa taabu kubwa, miguu imevimba malengelenge na kuwa meusi. Alilazwa hospitali kwa wiki kadhaa, akapandikizwa ngozi. Mtu mwingine angeapa asimwone heroe tena, lakini yeye alipona na mwaka 1959 akatoa kitabu juu yao.

Mwaka 1962 Natron ilifurika, nao heroe wakahamia Ziwa Magadi kutaga. Kumbe huko chumvi iliganda kwenye miguu ya vifaranga ikawa bangili nzito, wakashindwa kutembea. Watu wakaingia ziwani wakazivunja bangili hizo, na vifaranga wapatao 27,000 wakafunguliwa.

Kwa hiyo ndege tuliodhani ni wetu wa Nakuru walikuwa na nyumba nyingi: wanakula hapa, wanazaa Natron, wanapita Elmenteita na Bogoria. Chakula chao ni mwani mdogo sana uitwao spirulina, ambao hupenda maji ya magadi. Ziwa letu halina mto unaotoka. Linapokea tu, kutoka Njoro, Makalia na Nderit, na mito hiyo inashuka kutoka milima ya Mau na miinuko iliyo karibu nayo. Kitakachomwagwa au kukatwa kule juu, kitafika hapa chini.

Brown alifariki mwaka 1980. Ziwa Nakuru lilikuwa mbuga ya taifa tangu 1968, na mwaka 1990 likawa la kwanza Kenya kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Ua likazungushwa, askari wakawekwa. Lakini ua haukufika Mau. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki kwenye hifadhi ya msitu, na palipokuwa na miti pakalimwa mahindi na viazi. Siku hizi mvua ikinyesha sana, Mto Njoro hushuka na rangi ya chai ya maziwa.

Tangu yapata 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda. Wataalamu wengi wanataja mvua nyingi. Udongo kutoka milimani nao unatajwa. Maji ya Nakuru yalipungua chumvi, spirulina ikapungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria. Lango kuu la zamani la mbuga lilimezwa na maji, ikabidi lijengwe jingine mahali pa juu zaidi.