Kipaji Ulichokizika Kinakusubiri

Mpendwa msomaji, je, kuna kipaji ulichokiacha? Labda uliimba kwaya, ulipiga kinanda au ulitunga mashairi, kisha kazi na malezi vikakufanya ukiweke kando. Leo tumtazame Gerard Manley Hopkins, mshairi wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1844.

Alianza kutunga angali kijana. Mwaka 1866, akiwa mwanafunzi Oxford, alipokelewa katika Kanisa Katoliki na Padri John Henry Newman. Mwaka 1868, kabla ya kujiunga na Wajesuiti, aliyachoma mashairi yake. Aliona hayaendani na wito wake, akaazimia asitunge tena ila kwa matakwa ya wakubwa wake. Kwa miaka saba akatunga vipande vichache tu alivyoombwa.

Desemba 1875, akisomea teolojia huko Wales, alipata habari za meli Deutschland iliyokwama kwenye fungu la mchanga nje ya mdomo wa mto Thames. Kati ya waliokufa walikuwamo masista watano Wafransisko, waliolazimika kuondoka Ujerumani kwa sheria zilizolibana Kanisa. Habari hiyo ilimchoma moyo. Alipomweleza gombera wake, huyo akasema angependa mtu aitungie shairi. Neno hilo likatosha. Hopkins akashika kalamu, ingawa mwanzoni mkono ulikuwa mzito.

Usidhani alipigiwa makofi. Jarida la Wajesuiti wenzake halikulichapisha shairi hilo. Hata hivyo, hakuacha tena kutunga. Alipata upadri mwaka 1877, akahudumu na kufundisha, akafariki Dublin mwaka 1889 kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka 44. Rafiki yake Robert Bridges aliyatunza mashairi yake, akayatoa kitabuni mwaka 1918. Leo yanasomwa duniani kote.

Ndugu yangu, Hopkins alimtolea Mungu kipaji chake kwa moyo safi, na Mungu akamrudishia kupitia ombi la kawaida la mkubwa wake. Wengi wetu hatukukitoa. Tulikifukia kwa hofu, kama yule mtumwa wa Mathayo 25. Huenda wiki hii mwalimu wa kwaya atakuambia kwamba besi wamepungua, au mtoto atakuomba umfundishe kinanda. Usijibu kwamba umeshasahau. Mkono utakuwa mzito mwanzoni. Anza hivyo hivyo. Hata asipokusifu mtu, aliyekupa kipaji anakusikia.

Jumapili njema.