Jack Kerouac na ligi yake ya kadi

Wengi wanaomfahamu Jack Kerouac wanamfahamu kwa kitabu kimoja, On the Road, kilichotoka mwaka 1957 na kumpa jina Marekani nzima. Leo tunamwangalia kwa upande ambao hata marafiki zake wengi hawakuujua. Tangu utotoni mpaka karibu na kifo chake alikuwa na ligi yake mwenyewe ya besiboli, iliyochezwa mezani, yenye timu, wachezaji, takwimu na magazeti, na yote aliitunga yeye.

Kwanza besiboli yenyewe, maana hapa Mtwara si mchezo wa kila siku. Mrushaji anatupa mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Tanzania unachezwa katika baadhi ya shule, na Sekondari ya Azania jijini Dar es Salaam ina uwanja uliofunguliwa mwaka 2018 kwa msaada wa Japani. Kinachoutofautisha na soka ni kwamba karibu kila kitendo huhesabika: amepiga mara ngapi, amekosa mara ngapi, amefika kituo cha ngapi. Mchezaji mzima anaweza kuandikwa kwa tarakimu kwenye kipande cha karatasi ngumu. Ukirusha dete na kusoma kadi yake, unapata mpigo au kosa, na mchezaji hodari hufanikiwa mara nyingi kuliko dhaifu. Michezo ya namna hiyo inauzwa Marekani tangu zamani. APBA ilianza kuuzwa mwaka 1951 na Strat-O-Matic mwaka 1961, na mpaka leo wapo watu wanaojitengenezea kadi za wachezaji ambao kampuni haikuwatoa.

Kerouac hakungoja kampuni.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1922 katika mji wa viwanda wa Lowell, jimbo la Massachusetts, kwa wazazi wenye asili ya Kanada. Nyumbani walizungumza Kifaransa, na Kiingereza alikuja kukijua shuleni, kama watoto wengi wa huku kwetu wanaotoka na Kimakonde au Kiyao nyumbani na kukutana na lugha nyingine darasani. Kaka yake Gerard alifariki mwaka 1926 akiwa na miaka 9. Jack alikuwa na miaka 4, na msiba ule haukumtoka; baadaye aliuandikia kitabu kizima. Baba yake, Leo, alikuwa mchapishaji. Mwaka 1936 mto Merrimack ulifurika, ukaingia kwenye kiwanda chake cha uchapaji, na hali ya familia ikayumba. Wanaoishi karibu na Ruvuma hawahitaji kuelezwa mto ukifurika unaondoka na nini.

Ni katika miaka hiyohiyo ambapo kijana huyu alizama kwenye mchezo wake. Mwanzoni alitumia gololi, vijiti vya kuchokolea meno na vifutio, akivitupa kulenga shabaha. Timu nyingine alizipa majina ya magari, kama Pittsburgh Plymouths na New York Chevvies, nyingine majina ya rangi, kama Boston Grays. Wachezaji walikuwa na majina kama Wino Love, Warby Pepper na Heinie Twiett. Aliwawekea takwimu, akaandika magazeti madogo ya kueleza mechi, akaripoti hata mapato ya timu na migogoro ya mikataba. Alikuwa pia na mbio za farasi za kubuni, zenye wamiliki na wapanda farasi wake. Mtoto wa Shangani anayepanga vizibo vya soda mchangani, hiki Simba na hiki Yanga, huku mwenyewe akitangaza mpira kwa mdomo, angemwelewa upesi. Sisi tunaotangaza mpira kwa mshahara tunamwelewa pia, na kusema kweli tunamwonea wivu kidogo: hakuwa na mhariri.

Kwenye viwanja halisi alikuwa mchezaji mzuri wa mpira wa Kimarekani, na ndio uliompeleka Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1940. Alivunjika mguu msimu wa kwanza, na baada ya muda akaacha chuo. Mwaka 1942 alirudi Lowell akawa mwandishi wa michezo wa gazeti la mji. Kazi ile alikuwa ameshajizoeza chumbani kwake miaka kadhaa.

Aprili 1951 alichapa On the Road kwa wiki tatu kwenye karatasi ndefu iliyounganishwa, ya takribani mita 36. Ilichukua miaka 6 kuchapishwa. Katikati ya kungoja huko, kiangazi cha mwaka 1956, alifanya kazi ya kulinda msitu dhidi ya moto juu ya kilele cha Desolation, jimbo la Washington. Alikaa siku 63 peke yake, na akiwa kule alicheza besiboli yake, safari hii kwa kadi.

Kuna jambo moja ambalo hatuwezi kumtetea. Mtu huyu aliyetunza hesabu za wachezaji wasiokuwepo alikuwa na binti, Jan, aliyezaliwa mwaka 1952. Alimkana kwa miaka, na katika maisha yake yote alionana naye mara mbili tu.

Umaarufu haukumfaa. Pombe ilimzidi, na tarehe 21 Oktoba 1969 alifariki hospitalini St. Petersburg, Florida, kwa kuvuja damu ndani kulikotokana na ugonjwa wa ini. Alikuwa na miaka 47. Alizikwa Lowell.

Karatasi na kadi za ligi yake sasa zimehifadhiwa Maktaba ya Umma ya New York, pamoja na miswada yake. Mwaka 2009 maktaba hiyo ilichapisha kitabu kuhusu mchezo huo peke yake, miaka 40 baada ya kifo chake, na hapo wasomaji wengi wakamsikia Wino Love kwa mara ya kwanza.