Frederic Tudor: Msee Aliyechekwa, Akatupwa Jela Juu ya Madeni, Kisha Akaomoka na Barafu

Ingia duka yoyote hapa Kenya uitishe soda. Swali la kwanza ni kama unataka ya baridi ama ya moto, na bei ni ile ile. Mwenye duka analipa stima ya fridge, wewe unalipa soda tu. Tumezoea hadi hakuna mtu hujiuliza hiyo form ilianza aje.

Basi tulia nikupee story ya Frederic Tudor. Jamaa hakuvumbua barafu, hiyo ni ya Mungu. Lakini kuuza kinywaji baridi kwa bei ya kile cha moto ndiyo mbinu aliyotumia kutoka kwa shimo la madeni, na kabla atoke alikula jela.

Mtoto wa mdosi aliyekataa shule

Tudor alizaliwa Boston, Marekani, tarehe 4 Septemba 1783. Babake, William Tudor, alikuwa wakili mwenye doo zake, na alikuwa amehudumu chini ya George Washington wakati wa vita vya uhuru. Kaka yake mkubwa alisoma Harvard. Frederic aliachana na shule akiwa na miaka 13 tu. Mimi nilifika college ndio nikaacha, kwa hivyo hapo sina la kumwambia.

Sasa elewa kitu moja kuhusu Boston. Huko baridi si mchezo. Kila mwaka vidimbwi na maziwa madogo huganda hadi farasi anatembea juu. Familia za matajiri zilikuwa zinakata hiyo barafu, zinaiweka kwa nyumba yake maalum, halafu joto likifika wanaitoa kutengeneza aiskrimu na kupooza vinywaji. Kwa hivyo kwa akina Tudor, glasi ya kitu baridi wakati wa joto ilikuwa kawaida ya nyumbani. Hawakujua ni maajabu kwa wengine.

Mwaka 1801 Frederic alisafiri na ndugu yake mgonjwa, John Henry, hadi Havana, Cuba. Walidhani hewa ya huko itamsaidia. Joto likawachapa, na mwaka uliofuata John akafariki. Frederic alirudi nyumbani bila ndugu, lakini akijua vizuri vile joto la visiwa hivyo huhisi.

Miaka michache baadaye, familia ikiwa kwa sherehe, William kaka mkubwa akaleta wazo kimzaha: mbona hii barafu yetu isipelekwe kuuzwa kwa nchi za joto? Wengine walicheka wakasahau. Frederic hakusahau. Agosti 1805 akafungua daftari la kuandika mipango yake ya barafu. Alikuwa na miaka 21.

Meli ya kwanza ilikuwa soo

Shida ilianza mapema. Hakuna mwenye meli alikubali kubeba barafu. Waliogopa itayeyuka njiani, maji yajae ndani na kuharibu chombo. Tudor akaona isiwe tabu, akanunua meli yake mwenyewe, Favorite, kwa karibu dola 5,000. Enzi hizo hiyo ilikuwa pesa ndefu. Gazeti la Boston liliandika hiyo habari likiomba biashara hii isije ikawa ya kuteleza. Mji mzima ukacheka.

Februari 1806 Favorite iling'oa nanga kuelekea Martinique, kisiwa cha Wafaransa huko Karibi. Baada ya wiki kama tatu ilifika, na barafu nyingi ilikuwa bado imara. Hapo ungedhani jamaa ashashinda.

Wapi! Hakuna mtu alikuwa amejenga nyumba ya kuihifadhi. Barafu ilikuwa inauzwa moja kwa moja kutoka kwa meli huku ikiyeyuka kila saa. Na mbaya zaidi, wateja hawakujua waifanyie nini. Mmoja alibeba kipande chake saa sita mchana, akakiweka kwa sahani mbele ya mlango, kisha akaja kulalamika ati kimeyeyuka. Mwingine aliiweka kwa beseni ya maji. Wa tatu ndiye aliua kabisa: aliipaka chumvi akidhani ataihifadhi kama nyama.

Tudor alitaka kulia. Lakini shikilia hao wawili wa mwisho, wa maji na wa chumvi, tutawarudia. Walikuwa wamekosea swali, jibu walikuwa nalo.

Kitu moja tu ilimpa heshima huko. Aliingia na barafu yake kwa mwenye bustani moja ya starehe, Tivoli, akamwonyesha kwamba aiskrimu inawezekana hata kwa hilo joto. Usiku wa kwanza iliuzwa ya dola 300. Kumbe watu hawakuwa wanakataa baridi. Hawakuwa wameionja tu.

Hata hivyo safari nzima ilimla maelfu ya dola.

Jela, kisha kutoroka

Akajaribu Havana mwaka 1807. Kabla mambo yakae sawa, serikali ya Rais Jefferson ikapiga marufuku meli za Marekani kufanya biashara ya nje. Mali ya babake nayo ilikuwa imeyeyuka kwa biashara mbaya ya ardhi. Wadeni wakaanza kubisha.

Miaka ya 1812 na 1813 Tudor alitupwa jela kwa sababu ya madeni. Si mara moja. Umri ulikuwa unakaribia 30, hana bibi, hana doo, na kila mtu Boston anamjua kama yule mwendawazimu wa barafu. Wengi wetu hapo tungerudi kuomba kazi kwa ofisi ya mjomba.

Yeye mwaka 1815 alikopa tena, dola 2,100, akanunua barafu na mbao za kujenga nyumba ya barafu Havana. Siku ya kuondoka, askari wa madeni walimfuata hadi bandarini. Aliingia melini wakiwa nyuma yake. Hiyo ni kuhustle ukiwa na roho mkononi.

Round hii alikuwa amejifunza. Alijenga nyumba yenye kuta mbili na kujaza katikati vitu vya kuzuia joto. Alikaa hapo akipima maji yanayovuja, akijua kila tone ni pesa yake inatembea. Baadaye Boston walikuja kutegemea unga wa mbao, ile takataka ya viwanda vya kupasua miti. Wenye viwanda walikuwa wanatafuta pa kuitupa. Ukipanga barafu vizuri na unga wa mbao, hewa iliyoshikwa katikati inazuia joto kupita, na mzigo unasafiri miezi.

Round ya kwanza ni bure

Kuhifadhi ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kufanya watu waitake.

Hapa ndio Tudor alionyesha rada. Aliwaendea wenye baa akawapa barafu bure, kwa sharti moja: uza kinywaji baridi na cha moto kwa bei sawa, uone wateja watachagua gani. Alikuwa na hesabu rahisi kichwani. Mtu akinywa baridi wiki moja, kurudia ya moto haiwezekani tena. Bure ikiisha, mwenye baa hana budi kununua. Aliingia pia hospitali, ambako barafu ilisaidia kupooza wagonjwa wa homa.

Charleston ikaingia boksi, ikafuata Savannah, kisha New Orleans. Lakini tusipake rangi. Cuba, Martinique na kusini mwa Marekani zilikuwa nchi za utumwa. Glasi ya baridi ilikuwa ya wenye mashamba na wafanyabiashara. Waliokuwa wakikata miwa kwa jua walikuwa Waafrika waliouzwa, na soko la Tudor lilisimama juu ya hiyo pesa.

Huko nyumbani, msee mmoja anaitwa Nathaniel Wyeth alimtengenezea jembe la kukata barafu linalovutwa na farasi, mwaka 1825. Vipande vikatoka mraba, sawa kama matofali, vikapangika bila nafasi. Gharama ya kukata tani moja ikashuka kutoka kama senti 30 hadi senti 10. Hapo sasa biashara ikaanza kupumua.

Kutoka Boston hadi India

Mei 1833 meli ya Tuscany iliondoka Boston na tani 180 za barafu kuelekea Calcutta. Cheki ramani. Inashuka Atlantiki, inapita ikweta, inazunguka ncha ya kusini ya Afrika, inapita ikweta tena. Miezi minne majini. Ilipofika Septemba, kama tani 100 zilikuwa bado barafu.

Waingereza wa Calcutta walikuwa na njia zao za kupooza vinywaji. Walikuwa na watumishi wa kazi hiyo pekee, wanaozungusha chupa ndani ya maji yaliyotiwa shura, aina ya chumvi inayofanya maji yapoe ikiyeyuka. Kulikuwa pia na barafu ya kienyeji iliyotengenezwa usiku kwa vyungu vifupi, nyembamba na chafu. Sasa wakaona vipande safi kama kioo vikishuka kutoka kwa meli. Serikali ikaondoa ushuru, watu wakachanga pesa za kujenga nyumba ya barafu. Madras walijenga yao mwaka 1842, na hiyo jengo bado imesimama hadi leo.

Kumbe mbaya, wakati Calcutta inamshangilia, Tudor alikuwa amejiingiza kwa kamari ya bei ya kahawa. Bei ikaanguka, akapoteza zaidi ya dola 200,000. Tena deni! Ilimchukua karibu miaka 15 kulilipa, na aliyelilipa ni barafu, kipande kwa kipande. Januari 1834, akiwa na miaka 50, alimwoa Euphemia Fenno wa miaka 19, wakapata watoto sita. Mwaka wa 1847 wafanyakazi wake walikuwa wanakata barafu hadi Walden, kile kidimbwi ambacho mwandishi Henry David Thoreau alikuwa akiishi kando yake na ambacho alikifanya kiwe maarufu.

Tudor alifariki Boston tarehe 6 Februari 1864, akiwa na miaka 80, tajiri, na jina la Mfalme wa Barafu. Miongo michache baadaye mashine za kutengeneza barafu zilimaliza biashara yake. Lakini kiu aliyoiacha haikuisha.

Sasa soda yako

Turudi kwa wale wateja wa Martinique. Tudor aliwaona wajinga kwa sababu walikuwa wanaharakisha barafu kuyeyuka. Na kama unataka kuihifadhi, kweli ni makosa. Lakini kama una crate ya soda moto na wageni wako kwa gate, kuyeyuka ndiyo kazi yenyewe. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza joto la kutosha kushusha kilo moja ya maji kutoka digrii 80 hadi sufuri. Hiyo joto inatoka wapi? Kwa chupa yako.

Kwa hivyo usipange chupa juu ya barafu kavu kavu. Barafu inagusa chupa hapa na pale tu, kwingine ni hewa, na hewa ni mvivu wa kubeba joto. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya unga wa mbao. Vunja barafu vipande vidogo, mwaga maji hadi chupa zizame shingoni, tupa chumvi mikono kadhaa, koroga. Chumvi inafanya mchanganyiko ushuke chini ya sufuri, ndiyo maana aiskrimu ya zamani ilitengenezwa hivyo. Zungusha chupa kila baada ya muda kidogo na dakika chache zinatosha. Hiyo maji ya chumvi ibaki nje ya glasi, na barafu ya samaki pia.

Huna barafu? Funga chupa na kitambaa kilicholowa, weka penye upepo. Maji yakikauka yanaondoka na joto, sawa na mtungi wa shosho. Nairobi itakusaidia kiasi, Mombasa hewa yenyewe imelowa, usitarajie mengi. Na ukiamua kuweka chupa ya glasi kwa friza, weka alarm. Ukisahau, itapasuka.

Tudor alipigana miaka 30 kuzuia barafu isife njiani, ili ifie kwa glasi ya mteja. Kesho mwenye duka akikuuliza baridi ama moto, jibu haraka. Kuna msee alilala jela ndio hilo swali liwe rahisi.